Nuru Isiyojua Kuinama

Boksi lilitoka Dar kwa basi la usiku,
limepondeka pembe moja.
Shekiondo aliliweka juu ya boneti kama mtu anayetoa mahari.
"Zenoni," akasema. "Elfu nane. Nyeupe mpaka inaingia ubuluu.
Nataka mbu wa Kigombe wanione nikiwa bado Tongoni."

Nikafungua.
Balasti mbili, nzito kama vipande vya sabuni ya mche,
balbu mbili ndani ya sponji, rilei moja,
skrubu saba. Ya nane hawakuona haja.
Maelekezo ya Kichina, na picha ya gari ambalo si Karina.

Nikamwambia kijana wangu Kombo: usiguse kioo cha balbu.
Jasho la kidole halionekani, ila likipata moto
dole gumba lako litabaki ndani ya nuru mpaka ipasuke.
Akaishika kwa kipande cha kanga, pumzi kaibana.

Nikatoboa mfuniko wa mpira, nikapitisha waya,
nikatafuta ethi, nikakwangua rangi mpaka chuma kikacheka.
Fyuzi nikaichomeka mwisho,
kama bismillahi ya mtu aliyekwisha kumeza tonge.

"Washa."
Kwanza ikalia tsii, nyuki ndani ya chupa.
Ikapepesa zambarau, ikafikiri,
kisha ukuta wa ng'ambo ya Barabara ya Kumi na Mbili ukatujia.
Miaka kumi na moja nafanya kazi mbele ya ukuta ule,
sikujua una nyufa, wala jina KIDAWA limeandikwa kwa mkaa,
likafutwa, likaandikwa tena kwa mkono mwingine.
Paka akakimbia kivuli chake.
Bi Mwanakheri wa mihogo akakinga macho kwa upawa:
"Wewe, unakwenda Kigombe au unakwenda mwezini?"

Alilipa nusu. Nusu nyingine, mkonge ukilipa.
Balbu za zamani, zile za manjano, akasema tupa.
Fundi hatupi. Nikazitia kopo la maziwa ya unga.

Siku ya tatu nilichelewa kwa mteja, narudi kutoka Mwahako.
Kinyozi hajinyoi: baiskeli yangu haina taa,
ila sidii iliyofungwa nyuma ya tandiko, imulikwe na wenzangu.
Mbele yangu kukapambazuka.
Nikaitambua kwa ile zambarau pembeni mwa weupe,
na jicho la kushoto lililo juu kuliko la kulia:
skrubu ya nane.

Nuru ile haikukaa barabarani.
Ilitawanyika minazini, kwenye nyaya, kwenye kope zangu,
maana kikombe cha taa ile kilifinyangwa kwa utambi mdogo
na mimi nimekitia radi.
Nililijua hilo. Nililijua tangu nalifungua boksi.
Sikuiona lami, sikuiona mikono yangu, sikuuona mtaro.

Mtaro uliniona.

Akasimama, maskini, hana kiburi. Viatu vikapiga changarawe,
uso hana, sauti tu nyuma ya weupe:
"Pole baba! Hukuona?"
Niliona, Shekiondo.
Niliona mno.
"Fundi? Fundi, ni wewe?"
Zima kwanza.
Akazima. Giza likarudi polepole, likanirudishia goti,
sidii vipande viwili,
na mkono wake, alioninyooshea muda wote ule.

Asubuhi, ukutani kwa Kidawa, nimechora mstari wa chaki.
Nageuza skrubu nyuma ya taa, robo, robo tena.
Nuru inashuka, ila haitulii: inafurika juu ya mstari
kama uji kwenye sufuria ndogo.
Shekiondo anatazama, mikono mfukoni. Hasemi zitoe.
Anasema, "Lakini mama akiziona tu, hutoka nje.
Zile za manjano alikuwa ananidhani bodaboda."

Sina la kumjibu.
Kombo amekwisha leta kopo.
Anazifuta kwa kanga, moja, ya pili,
bila kuzigusa.